Mkunga na Ukuta wa Jirani

6 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako ambaye bado anakula, analala na kugombana na watu, kwa hiyo jua ni mzima. Magoti ndiyo yanayolalamika ninapopanda ngazi, lakini sijasikia mtu aliyezikwa kwa ajili ya magoti. Binti yangu ameandika kwamba mjukuu ameota jino na kazi ya kwanza ya jino hilo ilikuwa kumng'ata baba yake. Nimefurahi sana, ukoo unaendelea. Wifi yangu hajambo? Mwambie ile sweta niliyomwahidi imefika kwapani, na kwapani ndipo mimi hukwama siku zote.

Sasa nikueleze lililonikalisha mezani. Unamjua jirani yangu wa ukuta mmoja, yule Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi, anayetembea kana kwamba nyuma yake kuna foleni ya watoto. Mumewe ndiye Refa, yule mrefu aliyekuwa akichezesha mpira na kukimbia barabarani kila asubuhi na kaptula yake nyeusi. Tangu mwaka uanze Refa haonekani. Mkewe anasema yuko safarini. Sawa, watu husafiri.

Lakini kila alasiri, Mwalimu akisharudi kutoka shuleni, ukuta wa sebule yangu unaanza kuugua. Sauti inaanza chini, inapanda taratibu, inafika kileleni, inashuka, kimya. Baada ya muda inaanza tena. Na Mwalimu namsikia kabisa akisema, "Pumua. Haya, sukuma. Sukuma, usikate tamaa, bado kidogo." Mdogo wangu, mimi nimestaafu lakini masikio yangu hayajastaafu. Nusu ya watu wanaopishana nami barabarani nimewapokea kwa mikono hii. Ule ni uchungu wa uzazi.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti nikisubiri mtoto alie. Hakulia. Kesho yake uchungu ukaanza upya. Hakuna mwanamke anayezaa kila siku, kwa hiyo nikajua ni wanawake tofauti. Mwalimu Mkuu anazalisha watu sebuleni kwake bila ujuzi wala kibali, na mpaka leo sijasikia mtoto hata mmoja akilia. Hilo ndilo linalonitoa jasho. Niende kuripoti au ninyamaze? Nipe shauri, wewe ndiye uliyebaki na akili ya baba.

Mwezi ujao nafikiria kuja kukaa nanyi wiki mbili. Niambie siku.

Dada yako


21 Februari

Dada yangu,

Tumepokea barua yako na tumefurahi kwamba jino limefanya kazi yake. Sisi wote wazima. Wifi yako anakusalimu na anasema sweta isiyo na mikono pia huvaliwa, usijitese. Pacha wetu wamerudi chuoni na nyumba imepoa.

Kuhusu ukuta wako, dada, pole, lakini hapo umeingia kwenye eneo langu la kazi. Hiyo ni hewa iliyonaswa ndani ya bomba. Jirani anarudi alasiri, anafungua maji, maji yanaisukuma hewa, hewa haina pa kutokea, inaugua. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba moja ambako familia nzima ilikuwa imehamia kwa ndugu kwa sababu bafu lilikuwa linasali. Nilikaza kibanio kimoja, wakarudi. Fungua koki zako zote kwa wakati mmoja, uache maji yakohoe mpaka yatulie. Kama bado, shika bisibisi ndefu, ncha uweke kwenye bomba na mpini kwenye sikio. Utasikia mwenyewe.

Hilo la "pumua, sukuma" unaliongezea wewe. Umesema maneno hayo maisha yako yote, sasa kila mtu akikohoa unasikia "sukuma". Hata harusini kwangu ulimwambia bibi harusi apumue.

Kuja usije kwanza. Tunapaka rangi nyumba nzima, na harufu yake ni mbaya kwa kifua chako.

Mdogo wako, fundi


4 Machi

Mdogo wangu,

Sisi tunaendelea vizuri, ukiacha mtu mmoja anayedai nina kifua. Tangu lini? Mimi nina magoti. Kifua alikuwa nacho shangazi, na wewe unajua. Rangi gani hiyo inayopakwa na watu wawili mpaka wageni wafukuzwe? Haya, pakeni.

Koki nilifungua zote kama ulivyoagiza. Kilichotokea ni kwamba jiko limefurika, nyanya za mama wa chini zimeloa, na ukuta bado unaugua. Bisibisi sina. Kwa hiyo nilifungua sanduku langu la kazi nikatoa ile pembe ya mbao tuliyokuwa tukiiweka kwenye tumbo la mama kusikiliza moyo wa mtoto. Nikaiweka ukutani. Nimeinama hivyo, sikio kwenye pembe na makalio mlangoni, mara akaingia yule kijana wa kusoma mita za umeme, kwani mlango nilikuwa sijaufunga. Mkewe nilimzalisha mimi, pembe ile anaijua. Alisimama akanitazama, kisha akaniuliza kwa heshima zote ukuta una miezi mingapi.

Cheka umalize, halafu usikilize. Kwa pembe nimesikia maneno vizuri kabisa, na siyaongezei. Anasema "pumua" na anasema "sukuma". Mgonjwa anauma kitambaa, sauti inatokea puani. Kuna msichana anayekuja na mkoba mkubwa mara moja kwa wiki, hasalimii mtu, anapanda ngazi mbilimbili, anaingia na mlango unafungwa. Mwalimu ameazima beseni langu. Wiki iliyopita aliniuliza kama nina mashuka makuukuu nisiyoyahitaji. Mwalimu Mkuu, mwanamke anayepiga pasi mpaka taulo, anataka mashuka makuukuu ya nini?

Na kuna kitu kingine kimoja nisichokielewa. Uchungu ukipanda sana, kinasikika kipenga. Kifupi tu, prii, halafu kimya, halafu watu wanapumzika.

Nikwambie linaloniuma kuliko yote? Nimekaa ukuta mmoja na watu hawa miaka kumi na zaidi. Wanajua mimi ni nani. Kama kweli kuna mwanamke anayepata shida humo ndani, mbona hawakuniita? Wanapita mlangoni kwangu na beseni langu kwenda kuharibu kazi ambayo ningeifanya kwa mkono mmoja.

Jibu haraka, na usiniletee habari za hewa.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Samahani kwa kuchelewa. Mambo yalikuwa mengi. Sote tu wazima, wifi yako mzima, pacha wazima, mimi mzima.

Umeniambia nisilete habari za hewa, lakini umeniletea mwenyewe kipenga. Dada, bomba lenye valvu iliyochakaa ndilo linalopiga kipenga. Ningekuwa hakimu ningekufungia kesi hapo hapo.

Ila nimeifikiria barua yako zaidi ya hapo, maana nimepata nafasi ya kufikiri siku hizi. Tuseme si bomba. Tuseme kuna mtu kweli. Mtu akifunga mlango wake ana sababu, na mara nyingi sababu yenyewe si ya kutisha, ni ya aibu tu. Hapa kwetu, kwa mfano, kinyozi wa chini akishanyoa mtu wa asubuhi huketi nje ya duka na kutazama barabara mpaka mchana, na ukimwangalia usoni unaona kuna jambo nyumbani kwake. Hakuna anayemuuliza. Watu wanampa kichwa wanyolewe, wanalipa, wanakwenda. Hiyo nayo ni heshima. Mambo ya nyumba za watu yaache kwenye nyumba za watu, dada yangu. Ukienda kuripoti na ikawa sivyo, utakuwa umemvua mtu nguo mbele ya mji mzima.

Rangi imekauka lakini kitanda cha wageni kimevunjika mguu. Usije bado.

Mdogo wako


12 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Mjukuu ana meno mawili sasa na baba yake amejifunza kuweka vidole mfukoni. Mimi nimekonda kidogo kwa mawazo, watu wananisifu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika, mara ya pili nilishangaa. Wewe umeanza lini kukaa dirishani kutazama vinyozi mchana? Fundi niliyemlea mimi alikuwa hapatikani nyumbani hata siku ya kuugua. Na umeandika "mimi mzima" mwishoni kabisa, baada ya pacha, kama mtu anayepitisha kitu forodhani. Tutaongea.

Nilijaribu njia ya upole kwanza, usiseme sikujaribu. Nilimngoja Mwalimu kwenye ngazi anapotoka kuchota maji, maana bomba la juu limekufa tangu nilipofuata ushauri wako.

"Mwalimu, kwako kuna mgonjwa?"

"Kwangu hakuna mgonjwa."

"Naona taa sebuleni, nasikia kama mtu anajisikia vibaya."

"Ni televisheni, Mkunga."

"Na Refa hajarudi?"

"Barabara mbaya," akasema. Aliiambia ile ndoo, mimi hakunitazama. Macho yalikuwa mekundu na kwenye mkono wake palikuwa na michubuko, alama za vidole kabisa, za mtu aliyemshika kwa nguvu zote. Alama hizo nazijua. Mwanamke aliyefika mwisho wa uchungu humshika hivyo aliye karibu naye. Mimi mwenyewe nilikuwa nazo mpaka nilipostaafu.

Kwa hiyo nimeamua. Jumatatu ya tarehe 29 nitakwenda kituoni kuripoti. Nimeacha siku za kutosha barua hii ikufikie na yako irudi, kama una neno la maana. Nimeogopa sana kabla ya kuamua. Yule ni jirani yangu, aliniletea uji wiki nzima nilipofiwa. Nikikosea, sitaweza kumtazama tena, na nitastahili. Lakini nikinyamaza na humo ndani kuna mtoto anayekufa kwa kukosa mtu wa kumgeuza tu, hapo nitajitazamaje mimi?

Dada yako


19 Aprili

Dada,

Leo salamu zitangoja.

Usiende kituoni. Nakuomba kwa kila kitu ambacho mama alituachia. Hakuna mwanamke anayezaa mle. Hakuna mtoto. Najua ni sauti gani hiyo.

Chukua pembe yako usikilize tena. Baada ya "sukuma", je, Mwalimu anasema "shikilia, shikilia, achia taratibu"? Halafu anasema "mguu mwingine"? Kama ndivyo, rudisha pembe sandukuni, mpelekee mama wa watu sabuni ya kufulia hayo mashuka, na usiulize kitu.

Nami usiniulize nimejuaje. Wifi yako anaipeleka barua hii posta sasa hivi, ameshavaa viatu.

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Keti kwanza. Kama umeketi, endelea kuketi.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilifanya ulivyosema, nikaweka pembe ukutani. Nikasikia "sukuma", na baada yake, kweli, "shikilia, shikilia". "Mguu mwingine" sikuusubiri. Ulidhani hilo litanituliza. Mdogo wangu, hakuna mkunga duniani anayemwambia mama ashikilie. Kushikilia nini? Mtoto anatoka, unamwambia ashikilie? Nikajua kumbe hali ni mbaya kuliko nilivyofikiri, humo ndani kuna mtu asiyejua kazi hata chembe. Umenimaliza kabisa na barua yako ile.

Jana Jumatatu nikavaa. Nilivaa lile gauni la bluu la mahafali, kwa sababu polisi hawamsikilizi mtu mwenye ndala. Shule zimefungwa kwa likizo, kwa hiyo kelele zimeanza kuja hata asubuhi. Nilikuwa nimefika ngazi ya tatu kushuka. Yule msichana wa mkoba akanipita mbio akipanda, akaingia, na mlango haukujifunga sawasawa nyuma yake. Mara nikamsikia Mwalimu kwa sauti ambayo hata shuleni hajawahi kuitoa: "Sukuma, kinakuja, nakiona."

Sikumbuki nilivyopanda zile ngazi. Magoti hayakusema lolote. Nakumbuka tu niko mlangoni kwa watu nimekunja mikono ya gauni la mahafali, nasema kwa sauti ya wodini, "Mtu asisukume. Mimi ni mkunga. Nileteeni maji ya moto, na wewe msichana toka hapo miguuni."

Kipenga kikalia.

Aliyekipiga alikuwa Refa. Alikuwa amelala chali kwenye godoro katikati ya sebule, amevaa kaptula yake nyeusi, kitambaa upande mmoja wa mdomo na kipenga upande wa pili, unyayo wa mguu wa kulia umekanyaga ukuta wangu. Alinipigia kipenga kama mchezaji aliyeingia uwanjani bila ruhusa. Mwalimu alikuwa amepiga magoti karibu naye, anakitazama kidole gumba cha mguu. Hicho ndicho kilichokuwa kinakuja. Kilikuwa kimetikisika, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Kiharusi, mdogo wangu. Kilimwangusha siku chache baada ya mwaka mpya, upande wote wa kulia. Msichana wa mkoba ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali, na hasalimii watu kwa sababu Refa alimwapisha asimwambie mtu anakwenda kwa nani. Hakutaka watu waliomwona akikimbia wamwone akiburutwa. Mwalimu akasema safarini, na uongo ukishatoka ukabidi ulishwe kila siku. Kipenga ni cha kuombea mapumziko, maana maneno yake bado hayatoki vizuri na Mwalimu akianza kufundisha hajui kuacha. Michubuko ya mkononi ni ya Refa anapoinuliwa. Mashuka ni ya kumgeuzia.

Mwalimu aliinuka polepole. Akaniuliza, "Wewe ulidhani tunafanya nini humu ndani?"

Ilibidi niseme. Nilisema yote, nikiwa nimesimama pale mikono imekunjwa, mpaka la kituoni. Nilisema na la watoto wasiolia. Mwalimu uso ulikuwa umekauka, nikaona uji wa wiki nzima unamwagika mbele yangu.

Halafu Refa akatoa kitambaa mdomoni. Akaanza kutetemeka mabega, nikadhani amezidiwa, nikamkimbilia. Kumbe anacheka. Anacheka kwa nusu ya mdomo, machozi yanamtoka, na anajaribu kusema kitu. Mwalimu akainama kusikiliza, akainua kichwa, akaniambia, "Anauliza ni wa kike au wa kiume."

Hapo tukaangua kicheko wote watatu, na yule msichana akaketi juu ya mkoba wake. Tulipotulia Mwalimu alilia sana, begani kwangu, gauni la mahafali likaharibika. Alisema aliponiona namngoja kwenye ngazi alijua nasikia, na kwa vile sikubisha hodi aliona nimewadharau. Nami nikamwambia nilikuwa namwogopa. Sasa kila alasiri nitakwenda kushika mguu wa kulia, yeye ashike mabega. Kidole kimetikisika tena leo.

Lakini nisikudanganye, usiku wa jana sikupata amani na jambo moja. Kazi yangu yote nimesikia maumivu ya wanawake tu. Sikujua mwanaume ana sauti ile. Nilidhani hawajapewa.

Na sasa zamu yako. Leo niliishika miguu ya Refa na Mwalimu akasema, "Shikilia, shikilia, achia taratibu. Mguu mwingine." Neno kwa neno, mdogo wangu, kama ulivyoandika. Hayo si maneno ya mabomba. Umeyasikia wapi? Nani anakuambia hivyo, na kwa nini?

Nijibiwe.

Dada yako


11 Mei

Dada yangu,

Salamu kutoka kwa wote, na safari hii nianze na mimi. Mimi si mzima.

Nilianguka Januari kutoka kwenye paa la mteja. Nilikuwa nimemaliza kufunga tangi la maji, ngazi iko pale pale imesimama vizuri, nikaona nikiruka kwenye kibaraza nitaokoa muda. Mfupa wa paja ukavunjika vipande viwili. Wameniwekea chuma. Barua yako ya kwanza ilinikuta kitandani mguu umening'inizwa, na niliandika habari za hewa kwenye bomba huku nimelala chali. Anayesema "shikilia, achia taratibu" ni wifi yako, alifundishwa hospitali. Nakanyaga ukuta, nasukuma, napiga kelele. Anayekaa dirishani kutazama kinyozi ni mtu asiye na pa kwenda.

Sikukwambia kwa sababu ungekuja. Ungeniosha kama ulivyoniosha nilipokuwa mdogo, ungemwondoa wifi yako jikoni kwake, na mimi ningerudi kuwa kitinda mimba mbele ya mke wangu. Na niliogopa mafundi wenzangu wakijua nimeanguka kwa uzembe, kazi zitakwisha. Niliona aibu, dada, si kingine. Rangi hatukupaka. Kitanda cha wageni ni kizima.

Barua yako wifi yako alinisomea kwa sauti. Alipofika kwenye gauni la mahafali nilicheka mpaka chuma kikauma. Aliposoma kwamba hukujua wanaume wana sauti ile, nilimwambia aishie hapo kwanza, aende akaangalie chungu jikoni. Chungu hakikuwepo. Alikwenda hivyo hivyo.

Nilipokuandikia kwamba mambo ya nyumba za watu yaachwe, nilikuwa nakufundisha heshima ninayoipata hapa. Kinyozi akisikia tumeanza, anaongeza sauti ya redio. Mama wa juu anawatoa wanawe wakacheze nje. Mwenye duka, wifi yako akienda kununua sabuni, hamuulizi neno, anamwongezea kiberiti bure na kutazama pembeni. Wote wanasikia. Mwezi wa tano huu, hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza nani analia. Nilikuwa nawashukuru. Halafu nikasoma jinsi ulivyoingia kwa watu bila kukaribishwa, umekunja mikono, unaamrisha mtu asisukume, na nikamwonea Refa wivu. Mtu mzima mimi, nilimwonea wivu mtu mwenye kiharusi.

Wifi yako amechoka. Mimi pia nimechoka.

Njoo, dada. Ukifika usibishe hodi.

Mdogo wako